Mlio wa Njia Iliyonyooka

Tuliachana wiki jana gari la daktari wa mifugo likiwa limenyanyuliwa tairi moja la nyuma, Injinia yuko kwenye usukani, na Nati anatoka mbio stoo akimpigia kelele asiingize gia. Kuna walioniandikia kuuliza kama aliingiza. Ndugu zangu, mmekuwa na Injinia kwa wiki nane sasa. Aliingiza.

Tairi lililokuwa hewani likazunguka, kama alivyotarajia. Ambacho hakukitarajia ni kwamba na lile lililokuwa chini lilizunguka vilevile. Gari likashuka kwenye jeki, likavuka uwanja wa gereji, likalikumba pipa la oili chafu, likaingia ofisini. Mlango ulikuwepo, ila halikuutumia.

Na ofisini, kama mnakumbuka, alikuwa ameketi Mzee, baba yake Nati, anakunywa chai.

Nati alifika wa kwanza. Ukuta wa mbao ulikuwa umelala, vumbi limejaa, na kiti cha baba yake kilikuwa chali chini ya bampa. Mwanamke huyu hubeba gia boksi kifuani kama mtu anayebeba mtoto, lakini hapo alishika mlango wa gari asianguke. Aliita, "Baba." Akaita tena.

Mlango wa choo, ule wa nyuma ya ofisi, ulifunguka taratibu. Mzee alitoka akifunga mkanda wa suruali. Alilitazama gari, akautazama ukuta, kisha akauliza nani kahamisha ofisi bila kumwambia.

Tumbo lilikuwa linamsumbua Mzee tangu mwezi uliopita, na Nati alikuwa akimpigia kelele aende hospitali. Siku hiyo alilishukuru lile tumbo kimoyomoyo. Kisha roho ilipomrudia, akageuka kumtafuta shemeji yake.

Injinia alikuwa ameshashuka, nundu inamchipuka kwenye paji la uso, na tayari anahutubia. Huyu ni mume wa mdogo wake Nati. Jina la Injinia alijipa mwenyewe baada ya mafunzo ya wiki mbili kuhusu betri.

"Mmeona wenyewe," aliwaambia mafundi waliokusanyika. "Gari limejiendesha. Nilisema hii difu ni mbovu, mkanicheka."

Nati alimjibu akiwa bado anahema. Alimwambia kwamba kwa difu ya kawaida, yaani mtambo unaogawia matairi ya nyuma nguvu, ukinyanyua tairi moja, hilo hilo la hewani ndilo linalokula nguvu yote, na la pili lililo chini linakaa kama halihusiki. Ndiyo maana magari hukwama. Difu hii inajifunga yenyewe, matairi yote mawili yanakwenda pamoja, kwa hiyo hata ukibakiza tairi moja tu ardhini, hilo moja litakupeleka.

"Litakupeleka hadi ofisini," alimalizia. "Ukitaka kuisikiliza, nyanyua matairi yote mawili. Nimeandika ukutani."

Ukuta alioandika ndio ule uliolala.

Sasa, kwa msomaji anayetukuta njiani, jambo lenyewe ni hili. Wiki tatu zilizopita Nati alilifungia gari la daktari difu ya kujifunga yenyewe, la tano tangu aanze kazi hiyo. Jumatatu ya wiki hii daktari alilichukua kutoka sevisi, na jioni likarudi likigonga chini, tak, tak, tak. Injinia akasema Nati kaharibu gari la watu. Mzee, ambaye macho yanamwishia na anataka kupumzika, akatamka mbele ya mafundi wote kwamba ifikapo Ijumaa ataisikiliza mwenyewe. Kosa likiwa la Nati, Nati anavua ovaroli na gereji inakuwa chini ya Injinia. Lisipokuwa lake, funguo ni za Nati na mjadala umefungwa. Miaka ishirini na mbili ya Nati chini ya magari ilikuwa imewekwa juu ya mlio mmoja.

Na Ijumaa ilikuwa ndiyo siku hiyo.

Daktari wa mifugo alikuwa amesimama pembeni, anaitazama pua ya gari lake ikiwa ndani ya ofisi ya watu. Ni mwanamume mpole ambaye gari lake huharibika mara nyingi kuliko gari lolote la ukubwa ule, na sijui kwa nini. Kabla hajasema neno, simu yake ililia. Mama mmoja mwenye ng'ombe, kule juu baada ya kona ya tope, alisema ng'ombe wake anasukuma tangu alfajiri, mguu mmoja wa ndama umetoka, wa pili hauonekani.

"Gari linatembea?" daktari aliuliza.

"Tumeona sote kwamba linatembea," Mzee alisema. "Twendeni. Nitaisikiliza huko huko."

Walilitoa kwa kulisukuma. Taa moja ilikuwa inaning'inia, bampa wakalifunga kwa waya, rejeta ya kupozea injini haikuguswa. Nati alishika usukani kwa sababu daktari alikuwa bado anaongea na yule mama kwenye simu. Mzee alikaa mbele, sikio lake zima likiwa upande wa nyuma. Daktari na Injinia walibanana nyuma na sanduku la dawa katikati yao.

Kona ya kwanza. Tak, tak, tak.

"Tatu," Injinia alisema.

Nati alimweleza baba yake, bila kugeuka, kwamba kwenye kona tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo difu inaliachia lipite haraka, meno yanarukana, ndiyo huo mlio. Kona ikiisha, inafunga tena na kunyamaza. Ndiyo kazi yake. Mzee aliitikia kwa kichwa. Injinia aliendelea kuhesabu, na kwa kuwa njia ile ina kona nyingi, walipofika bondeni alikuwa kwenye arobaini na sita na sauti imeanza kumkauka.

Bondeni ndiko kwenye tope, na kwenye tope ndiko aliko Winchi.

Winchi ni kaka mkubwa wa Injinia. Ana lori lenye mtambo wa kuvutia magari, na kwa miaka mingi amekuwa akiliegesha pale kwenye kona, anasubiri watu wakwame. Walikuwa wanakwama kweli. Mvua ikinyesha, Winchi alikuwa hana hata nafasi ya kula. Lakini tangu Nati aanze kufunga zile difu, kuna magari yanampita tu yakimpigia honi, na Winchi amepata muda wa kusoma magazeti, likiwemo hili.

Alipowaona alikunja gazeti, akaja dirishani na tabasamu pana.

"Shemeji, hali yako? Nikuvute?"

"Asante shemeji, tutajaribu."

"Baba, shikamoo."

Mzee aliitikia marahaba huku akitazama mbele. Winchi aliligusa paa la gari mara mbili, kama mtu anayeruhusu mali yake ipite, akarudi kukaa. Nati aliona ajabu kidogo. Mtu anayenyang'anywa riziki kila siku huwa hana furaha kiasi kile.

Hakuwa na muda wa kulifikiria zaidi. Mwinuko ulikuwa umechimbika upande wa kushoto kiasi cha kumeza mbuzi. Aliingiza gia ya kwanza, akashikilia mafuta bila kuyakanyaga sana, akapanda. Katikati, gari liliinama, na tairi la nyuma la kushoto likaachana na ardhi kabisa. Injinia alifumba macho. Mzee alishika dashibodi.

Tairi la kulia, lile ambalo kwenye gari lingine lingekaa tu kutazama, likauma ardhi na kuwasukuma. Likateleza kidogo, likauma tena. Wakafika juu.

Nati alimwangalia baba yake kwa jicho la pembeni, akamwona ameinamisha kichwa. Alijua kile kichwa. Ndicho kilichoinama hivyo siku alipofungua injini peke yake kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka kumi na sita, na baba akashindwa kumsifu kwa sababu angelia. Nati alijiona ameshika funguo tayari.

Huko juu njia inanyooka. Kilomita mbili hadi kwa mama mwenye ng'ombe, hakuna kona hata moja, unaweza kuuachia usukani ukala chungwa.

Tak, tak, tak, tak, tak.

Injinia alifumbua macho. Alisubiri kidogo, kwa adabu, kisha akainama mbele.

"Shemeji," aliuliza, "hii ni kona gani?"

Nati alipunguza mwendo, akashusha kioo, akasikiliza. Kwenye njia iliyonyooka matairi yote mawili yana safari moja, difu haina sababu ya kuachia chochote, inatakiwa inyamaze kama kaburi. Na hii ilikuwa inagonga bila kupumua.

Hapo ndipo alipojiona alivyo. Tangu Jumatatu kila aliyemjia na habari ya mlio alimkatiza kabla hajamaliza. Kwenye kona ni kawaida, alisema. Alimwambia daktari, alimwambia Injinia, alimwambia mdogo wake sebuleni. Hakumuuliza hata mmoja wao unagonga wapi. Na uwanja wa gereji ni mdogo, ukijaribu gari mle ni kuzunguka tu, kila hatua ni kona. Kiburi chake kilikuwa kimemziba masikio kwa siku tano.

Wakafika. Daktari aliruka na sanduku lake, Mzee na Injinia wakamfuata bandani. Nati alibaki amekaa kwenye gari lililozimwa. Difu ameifungua mara mbili wiki hii, meno mazima, springi nzima, oili safi. Kama si difu, basi ni kitu kinachoifanya difu iamini kuna kona mahali ambapo hakuna.

Alishuka, akachukua kamba moja safi kutoka kwenye vifaa vya daktari vilivyobaki garini, akapiga magoti kwenye majani. Aliizungusha kwenye tairi la nyuma la kushoto, akaweka alama kwa kucha. Akaenda la kulia, akaizungusha. Haikufika. Ilipungua vidole vinne.

Alirudia, asije akawa amekosea kwa hamu. Vidole vinne vilevile. Tairi la kulia lilikuwa kubwa kidogo kuliko la kushoto, kidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, hasa likiwa na matope. La kushoto, kwa udogo wake, lilikuwa linakimbia zaidi ili lisiachwe, na difu masikini ilikuwa inaliachia kila sekunde, ikidhani gari linakata kona tangu Jumatatu.

Na yeye mwenyewe ndiye aliyeyafunga matairi yale, wiki tatu zilizopita. Yalikuwa sawasawa.

Aliingia bandani na kamba mkononi. Daktari alikuwa amepiga magoti nyuma ya ng'ombe, mkono umezama hadi begani, shavu limelala kwenye paja la mnyama. Mama mwenye ng'ombe alishika mkia. Injinia alikuwa amesimama karibu na mlango kwa ajili ya hewa.

"Nani kabadilisha tairi la gari hili?" Nati aliuliza.

Alimwuliza Injinia, na wasomaji wangu wote wangemwuliza Injinia. Lakini Injinia alikodoa macho, akaapa kwa wanawe wote watatu, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue alikuwa anasema kweli.

"Mimi," Mzee alisema.

Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Alisema alilibadilisha Jumapili, gereji ilipofungwa, gari lilipokuwa limelala kwa sevisi. Lilimchukua mchana mzima kwa vile vidole vyake vya sasa.

"Jumatano nilifungua difu," Nati alisema. "Uliniambia niangalie meno tena. Ulinishikia taa, baba."

"Nilikushikia."

Ilimuuma. Siwezi kuipamba. Ilimuuma pale chini ya mbavu, mahali ambapo hata kuanguka kwa injini hakukuwahi kumuuma, na machozi yakamjaa mbele ya ng'ombe wa watu.

"Kwa nini?"

"Nimezeeka. Nikilala nakuona uko chini ya gari peke yako, na mimi sipo wa kushika jeki." Mzee alifuta uso. "Kuna mtu kaja kwangu kwa heshima, kakuposa. Nikamwambia, huyu hatatoka gereji mpaka gereji imtoe. Nikafikiri difu ikikushinda, utatoka mwenyewe. Nisingekuwa nimekufukuza."

Taratibu, mama mwenye ng'ombe akageuka kumtazama daktari. Injinia akamtazama daktari. Nati naye akamtazama. Masikio ya daktari, ambayo ndiyo pekee yaliyokuwa yanaonekana vizuri, yalikuwa mekundu.

"Mimi sijasema kitu kwa mtu yeyote," daktari alisema, shavu likiwa bado kwenye paja la ng'ombe. "Nilikuwa bado najipanga."

"Si wewe, daktari," Mzee alimwambia kwa upole. "Endelea na ng'ombe."

Daktari alifumba macho. Miaka miwili ya kukata nyaya za gari lake mwenyewe ili apate sababu ya kuja gereji ilikuwa imetoka nje kwa sentensi moja, na haikuwa hata zamu yake.

"Ni kaka yake huyu," Mzee alisema, akimwonyesha Injinia kwa kidevu. "Ni Winchi. Tairi pia kanipa yeye."

Nati alielewa yote kwa mpigo: tabasamu, na ule mkono juu ya paa. Magari matano yakipita topeni bila kuvutwa, na mwaka ujao huenda kumi na tano. Winchi alikuwa hatafuti mke. Alikuwa anatafuta namna ya kurudisha tope lake.

"Kasema nitaendelea na kazi?"

"Kasema mke wake hatalala chini ya magari." Mzee alisita. "Mimi nililiona hilo ni jema."

"Fundi," daktari aliita, sauti imebanwa. "Mguu wa pili nimeupata. Naomba hiyo kamba."

Alimpa. Daktari akaifunga mle ndani kwa kupapasa, akautoa mwisho wake nje, akasema wavute ng'ombe akisukuma, wasimtangulie. Mama alishika, Injinia akashika, na Nati akashika mbele yao wote. Alivuta kwa hasira ya siku tano, na ile ya Jumatano peke yake ilikuwa na nguvu za watu wawili. Ndama alitoka kwa mvuto wa nne, akaangukia mapajani mwa daktari, akapiga chafya.

Mama mwenye ng'ombe alimshukuru Mungu kwa sauti. Injinia alikaa chini.

Mzee alinyanyuka kwenye ndoo. Sema utakalo juu ya mzee huyu, akitoa neno hulitimiza. Alivua shingoni kamba yenye funguo tatu za gereji, akaziweka kwenye kiganja cha binti yake kilichojaa ute wa ndama.

"Kosa si lako. Difu ni nzima, na kona zote nimezisikia," alisema. "Gereji ni yako. Nimesema mbele za watu."

Nati alifumba kiganja. Alikuwa ameisubiri dakika hii tangu akiwa na miaka kumi na sita, na alikuwa amefikiri ingekuwa na furaha zaidi ndani yake.

"Na Winchi utamwambia leo," alisema. "Tukipita pale bondeni."

Mzee alijishughulisha kumwangalia ndama.

"Baba."

"Wageni wake wa posa wameshaanza safari," Mzee alisema. "Wanafika kesho saa nne. Mdogo wako ameshaazima viti."

"Wanakuja kusikiliza jibu langu?"

"Jibu wanalo. Nilikujibia."

"Ulinijibia nini?"

Mzee aliinua macho yake yaliyofifia, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana anamwogopa mwanawe. "Ndiyo," alisema.

Nati alisimama na funguo mkononi. Alimtazama baba yake, akamtazama Injinia, ambaye ghafla aliona kitu cha kuvutia sana kwenye dari. Kisha akamgeukia mwanamume aliyekuwa amekaa kwenye majani machafu, mkono mwekundu hadi begani, ndama mapajani.

"Daktari," alisema. "Ulisema unajipanga. Umefikia wapi?"

Daktari alimlaza ndama kwenye majani. Kisha akaomba kwanza aletewe maji anawe, ndipo ajibu.